Nadhiri ya Jua Lisilozama

Jumatano, 4 Mei 1983

Leo mambo yamefunguka! Nimeisubiri siku hii miaka kumi na minne, na imenikuta nimekalia gunia la pumba.

Bi Margareth, mtaalamu wa kuku aliyekuja kwenye mradi wetu hapa Tangini kutoka Norwe, alituita wafanyakazi wote mbele ya banda kubwa. Akasema mwezi ujao anakwenda kwao likizo, na amepata kibali cha kuchukua mfanyakazi mmoja akatembee siku kumi. Tena si mji mkuu wao. Kwao hasa ni kaskazini kabisa, kule ramani inakoishia. Anasema ni nchi pana, unaweza kutembea siku tatu usikutane na mtu, ni nyika na mito tu, na wanyama wenye pembe kama matawi ya mkorosho uliokauka. Watu wa huko wanawafuga hao wanyama kama sisi tunavyofuga mbuzi. Anataka mtu wa kwetu akaone ufugaji wa mahali ambapo hata majani ni ya kutafuta. Gharama zote juu yao. Kamati ya mradi itachagua mtu tarehe 21 mwezi huu, na safari ni tarehe 20 Juni.

Mtu mmoja! Tuko kumi na wawili, lakini kusema kweli tuko wawili tu. Mimi, mtunza stoo ya chakula cha kuku, na Abeid Shomari wa vifaranga. Abeid hachelewi, hagombani, vifaranga wake hawafi, na kama hayo hayatoshi, ndiye muadhini wa msikiti wetu. Mtu wa namna hiyo anachosha. Wazee wa kamati wakimwona wanatabasamu kabla hajawaamkia.

Ila Abeid akiikosa Norwe hapungukiwi kitu. Mimi nikiikosa nimekwisha. Mwaka sitini na tisa, nilipopeleka posa Masaki ya Kisarawe, mshenga wangu alinogewa na maneno akawaambia wazee wa Sikudhani kwamba kijana wetu huyu yuko mbioni kwenda Ulaya kusoma. Sikuwa mbioni hata kwenda Morogoro. Tangu hapo, kila Idi, mama mkwe wangu Bi Mwanajuma ananiuliza mbele ya watu, "Ulaya lini, baba?" Idi mbili kwa mwaka, miaka kumi na minne. Nimeulizwa mara ishirini na nane na sitaki kuulizwa ya ishirini na tisa.

Nimemwambia mke wangu safari ni yangu. Akauliza kama kamati imeshakaa. Nikamwambia asiwe mtu wa kukatisha watu tamaa.

Ijumaa, 6 Mei

Mpango wa kwanza ulikuwa kuuzoesha mwili baridi. Nilitaka siku ya kamati nisimame niseme, wazee wangu, mwenzenu niko tayari, baridi siijui kwa kusimuliwa.

Jana mchana, watu wakiwa kwenye chakula, niliingia chumba cha dawa. Kuna friji ya mafuta ya taa ya kuwekea chanjo ya mdondo. Nikavuta kigoda, nikafungua mlango, nikaingiza miguu yote miwili, nikaanza kuhesabu. Nilifika mia mbili na kumi. Hapo miguu haikuwa yangu tena. Nilipotaka kuitoa, kidole gumba kikanasa kwenye waya wa rafu, na nani akaingia kuchukua chanjo? Abeid! Alininasua taratibu, akaniuliza kama naumwa. Nikasema nina jongo. Hakumwambia mtu. Jioni akaja nyumbani na chupa ya mafuta ya nyonyo, akanikanda miguu mwenyewe mbele ya mke wangu. Wema wa mtu huyu utanitoa roho.

Leo nikaona bora nipate habari kamili. Nikamwuliza Bi Margareth baridi ya kwao inauma kiasi gani. Akacheka. Akasema mwezi wa sita hakuna baridi ya kutisha, ni kama asubuhi ya Lushoto. Kinachosumbua ni mbu. Wanainuka kutoka kwenye mabwawa kwa makundi, wanaingia mpaka puani. Mbu! Mtu azaliwe bonde la Ruvu, apande ndege mbili, akaumwe na mbu! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu akaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba mwezi huo kwao jua halizami. Linazunguka tu pembeni mwa mbingu, mchana na usiku. Nikamwuliza, halizami kabisa? Akasema halizami kabisa, lakini nisiwe na wasiwasi, kuna mapazia mazito na watu wanalala.

Jambo hilo sikulitilia maanani. Nilikuwa bado nawacheka mbu.

Jumapili, 8 Mei

Mpango wa pili una akili zaidi. Kwetu mtu akishaagwa ameagwa. Wazee wakikuombea dua ya safari kisha ukabaki, ni nuksi, na watu wanakukwepa njiani. Sasa ni nani katika kamati atakayethubutu kunizuia nikiwa nimeshaagwa na ukoo mzima? Nikapanda lori la mkaa lililokuwa linarudi Kisarawe tupu, nikaenda Masaki kuaga.

Mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Ubani ulifukizwa. Wazee walisoma, wakaomba, wakanishika kichwa mmoja mmoja. Halafu wakaanza kuagiza. Mwaka huu hata kipande cha sabuni ni habari ya kusimuliwa, kwa hiyo kila mtu alikuwa na shida yake. Sabuni. Betri za redio. Nyembe. Sabuni tena. Baba mdogo mmoja wa Sikudhani anataka miwani. Nikamwuliza ya namna gani, akasema ya kuonea. Nimeandika yote kwenye karatasi, pande zote mbili.

Bi Mwanajuma peke yake hakuagiza kitu. Alinifungia korosho kwenye kitambaa, akasema, "Nenda urudi salama, baba, hata ukirudi mikono mitupu." Nililitafakari sana neno hilo ndani ya lori. Nina hakika lilikuwa kijembe.

Lakini nikiwa naondoka aliniuliza jambo. Alisema, hiyo tarehe ishirini Juni si itakuwa ndani ya Ramadhani? Huko kuna watu wa kumgongea mtu daku? Nikasimama katikati ya njia na korosho zangu mkononi. Mfungo! Nchi ambayo jua halizami! Na mshindani wangu ni muadhini! Nilitamani kumbusu mama mkwe, lakini hayo hayafanyiki.

Jumanne, 10 Mei

Nilimkuta Abeid akichanganya chakula cha vifaranga. Nikavaa uso wa huruma. Nikamwambia, ndugu yangu, najua unaitaka safari hii, lakini sitaki uje kujuta. Tutakuwa ndani ya mfungo, na kule jua halizami. Magharibi utaiadhini saa ngapi? Utafuturu lini?

Akaacha koleo. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia kamwulize mwenyewe Bi Margareth. Akaenda, akarudi amenywea. Akasema kuliko kula mchana kweupe mwezi wa Ramadhani, afadhali asiende. Nikampa pole. Nikampigapiga begani. Nikajizuia kupiga mluzi mpaka nilipofika stoo.

Ijumaa, 13 Mei

Sijui hata nianzie wapi.

Baada ya sala ya Ijumaa Abeid alisimama akamwomba Mwalimu Mwinyimadi, imamu wetu, ruhusa ya kuuliza. Sikulitegemea. Mtu aliyekata tamaa anatakiwa kukatia tamaa nyumbani kwake! Akaeleza yote: kaskazini, jua, mfungo. Msikiti mzima ukageuka. Wazee ambao huanza kusinzia kabla hotuba haijaisha walifumbua macho. Mmoja akasema nchi hiyo haipo. Mwingine akasema ipo, aliisikia redioni. Mzee Mwishehe, mwenyekiti wa kamati ya mradi, akasema suala hili si la Abeid peke yake, na huyu mwingine anayeitaka safari yeye atafanyaje? Wote wakanitazama.

Hapo ndipo shetani aliponishika mkono. Niliiona kamati nzima, watu kumi, wamekaa safu za mbele. Nilimwona Abeid ameinamisha kichwa. Nikasema moyoni, Husseini, hii ndiyo saa yako. Nikasimama, nikainua mkono, nikasema kwa sauti ambayo hata mimi mwenyewe ilinisisimua:

"Naweka nadhiri mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele yenu. Nikijaliwa kufika huko nitafunga kila siku, na sitakula wala sitakunywa mpaka nilione jua limezama kwa macho yangu."

Watu walileta takbiri mpaka njiwa wakaruka kwenye dari. Mzee Mwishehe alifuta jicho. Nilikaa chini nikihisi kama ndege imeshaanza kuondoka.

Ndipo Mwalimu Mwinyimadi akakohoa. Yule mzee hana haraka. Akasema swali la Abeid ni zuri na jibu lake ni jepesi. Msafiri ana ruhusa ya kula, atazilipa siku zake akirudi. Na akipenda kufunga, masheikh wamesema afuate saa za mji wa karibu ambako jua huzama. Dini haikuletwa kumkaba mtu koo. Abeid akainua kichwa. Halafu Mwalimu akanigeukia mimi, kwa huruma nyingi mno. Akasema, lakini ndugu yetu Husseini nafuu hiyo ameikataa mwenyewe. Nadhiri ikishatoka mdomoni inamfunga mtu. Amesema mpaka alione limezama, na huko siku zote kumi halitazama.

Mzee Mwishehe akahesabu kwa vidole. Akasema mtu hafikishi siku kumi bila maji. Akasema kamati haiwezi kumpeleka mtu akafe kwa Wazungu, kisha wakamwambie nini Bi Mwanajuma.

Abeid aliniletea viatu vyangu mlangoni. Akasema imani yangu imemtia aibu.

Jumamosi, 14 Mei

Nimekwenda kwa Mwalimu Mwinyimadi kimyakimya, nikazunguka nyuma ya madrasa nisionekane. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia niketi, alikuwa ananisubiri. Nikauliza kama nadhiri inaweza kurudishwa. Akasema hairudishwi, ila ina kafara. Utawalisha maskini kumi washibe, au utawavisha. Asiyeweza kabisa afunge siku tatu.

Nikasema nitafunga siku tatu! Akaniuliza nyumbani nina kuku wangapi. Nikasema kumi na mmoja, lakini ni wa mke wangu. Akauliza wanakula nini. Nikataka kusema pumba za mradi, nikajizuia, nikasema wanajitafutia. Akasema mtu mwenye kuku kumi na mmoja uani kwake si mtu wa kujitetea kwa siku tatu. Nilishe maskini kumi kabla ya tarehe 21, yeye atakuja kusoma dua, kisha ataitaarifu kamati kuwa nimefunguka. Kwa hiyo njia bado ipo.

Jumatatu, 16 Mei

Nimewaza siku mbili. Maskini kumi! Nikawatoe wapi, na wakishiba watanisaidia nini? Hawamo kwenye kamati.

Leo nikiwa napima mashudu, akili ikafunguka. Kafara inataka watu kumi. Kamati ina watu kumi. Mungu hapangi mambo ovyo! Nikawalisha hao hao, nadhiri inafunguka na kura zinaingia, karamu moja kazi mbili. Mtu ataniuliza, je, wale ni maskini? Nimelipima jambo hili kwa haki. Nchi yetu ni ya wakulima na wafanyakazi, tajiri hatuna, tunaambiwa kila siku. Asiye tajiri ni nani kama si maskini? Mzee Mwishehe mwenyewe suruali yake ina kiraka, nimekiona kwa macho yangu akisujudu mbele yangu. Na hakuna haja ya kuwaambia wale wageni ni karamu ya nini. Nitasema ni ya kuwashukuru wazee. Dua itakuwa ya Kiarabu, na katika wale kumi hakuna anayejua Kiarabu zaidi ya Alhamdu.

Nimewaalika wote. Wote wamekubali kabla sijamaliza sentensi.

Alhamisi, 19 Mei

Sikudhani hanisemeshi. Wamechinjwa kuku wake sita, pamoja na yule mwekundu aliyekuwa anataga kila siku bila kupumzika. Mchele dukani hakuna, nimebadilishana korosho za mama mkwe na mtu wa Ruvu nikapata mchele mpya, mweupe, unanukia. Bizari nimeomba kwa majirani wanne tofauti ili mtu asijue nina jambo kubwa.

Kabla hajaacha kunisemesha aliniuliza hao maskini ni wa wapi. Nikasema ni watu wa hapa hapa karibu. Akasema, "Baba Mwanaasha, maskini wa hapa karibu ninayemjua mimi ni mmoja, na nalala naye." Kisha akaenda kunyonyoa kuku kwa hasira hivi kwamba manyoya yalifika barabarani.

Ijumaa, 20 Mei

Walikuja baada ya sala, wote kumi, wamevaa kanzu safi. Hilo lingenitia shaka, lakini nilikuwa na furaha. Niliwatandikia mikeka uani, nikawanawisha mikono mwenyewe, nikaweka masinia mawili ya pilau. Walikula! Mzee Mwishehe alichukua paja, akatulia nalo, akasema kwamba mtu mwenye moyo huu ndiye wa kuitangaza nchi nje. Wengine wakatikisa vichwa vinywa vimejaa. Nilikuwa nimeshaiona Norwe, nimeshaona na pembe.

Ndipo akaja Mwalimu Mwinyimadi kusoma dua. Akasalimia, akaketi, akatazama mkeka wote kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akaniuliza chini chini wale kumi wako wapi. Nikamwonyesha kwa kidevu. Akatazama tena. Nikamkonyeza, nikamwashiria asome tu. Lakini Mwalimu ni mtu wa haki, na jambo la dini halipitishi bila kuhakikisha. Akaweka tasbihi magotini akasema kwa upole, ili wote wasikie:

"Jamani, mwenzenu anatoa kafara, na kafara hii ni ya maskini kumi. Kabla sijasoma, kila mmoja wenu anithibitishie kuwa yeye ni maskini."

Mzee Mwishehe alikuwa na mfupa mdomoni. Akautoa. Akauweka pembeni mwa sinia taratibu kama kitu cha mtu mwingine. Akanawa.

"Husseini," akasema, "mimi nina mikorosho mia mbili."

Basi wakaanza. Wa pili akasema ana nyumba ya bati, tena bati pande zote. Wa tatu ana ng'ombe saba huko Mzenga kwa kaka yake. Wa nne ana baiskeli mbili na cherehani. Watu hawa tangu mwezi wa nne, msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, wanaficha hata kipande cha sabuni, ukiwatembelea wanakukaribisha kwenye chumba kitupu. Leo walitaja kila kitu! Mmoja alifika mpaka kwenye gunia la sukari, kisha akakumbuka, akanyamaza, akatazama ukuta. Nikajaribu kueleza kuhusu wakulima na wafanyakazi. Hakuna aliyenisikiliza. Waliondoka mmoja mmoja, na pilau ilikuwa bado nusu.

Mwalimu alibaki. Akasema kafara haikusihi. Kisha akala.

Jumamosi, 21 Mei

Kamati imekaa dakika chache tu. Abeid, kura kumi.

Asubuhi, kabla ya kikao, nilikuta kuku wamefungwa mlangoni kwangu. Kumi! Kila mzee ameleta wake, amemfunga kwa kamba, ameondoka bila kubisha hodi, ili isije kusemwa kwamba alikula kwangu chakula cha maskini. Na Mwalimu amepita akanieleza kwamba nadhiri yangu ilikuwa ya kufika huko, na kwa kuwa siendi, hainidai kitu. Kwa hiyo Sikudhani ametoa kuku sita akapata kumi, na kati yao majogoo ni wawili tu. Ameanza kunisemesha. Anasema kama kuna nadhiri nyingine niweke.

Nilikwenda nyuma ya stoo nikakaa peke yangu mpaka adhuhuri. Nilikuwa naitaka ile safari. Sikuitaka kwa maneno ya watu tu. Nilitaka kuiona nchi ile, mtu anatembea siku tatu hakuna wa kumwuliza chochote.

Abeid alinikuta huko huko. Aliniomba radhi! Akauliza aniletee zawadi gani. Nikasema hakuna. Baadaye nikamwita, nikamwambia aniletee picha.

Jumatatu, 20 Juni

Leo ameondoka. Tulimsindikiza mpaka barabarani, wafanyakazi wote, tumefunga na jua kali. Bi Margareth alinipa mkono akasema labda mwaka mwingine. Abeid alikuwa amevaa koti. Nilimtakia heri na nusu yake ilitoka moyoni.

Lakini Masaki! Masaki hakuna aliyewaambia. Kule nimeshaagwa, nimeombewa, nimepewa karatasi ya maagizo. Wanajua leo mimi niko angani. Nikionekana Tangini, habari itafika kwa Bi Mwanajuma kabla ya futari. Nimewaza haraka. Nimechukua sanduku, nimemuaga Sikudhani, nimepanda basi. Si la kuelekea uwanja wa ndege, la kuelekea upande wa pili. Nimejificha Mlandizi kwa binamu yangu, dada Mwanamvua, anayeuza mihogo sokoni. Siku kumi tu, kisha nitarudi kutoka Norwe.

Sikudhani amesema hawezi kusema uongo ndani ya Ramadhani. Mtu akiniulizia atasema hayupo. Hiyo inatosha.

Ijumaa, 24 Juni

Sitoki nje mchana. Nilijaribu kumwambia dada Mwanamvua kwamba mimi ni msafiri na msafiri anaruhusiwa kula. Akasema kutoka Tangini kuja Mlandizi haijawahi kumfungulisha mtu, akaufunga mlango wa jiko.

Naitumia nafasi hii kujiandaa. Nimeandika daftarini yote aliyosema Bi Margareth: nyika, mapazia, pembe. Mbu sina haja ya kuwabuni, wa hapa Mlandizi wananitosha kabisa.

Jumatano, 29 Juni

Sikudhani amekuja leo. Nilipomwona mlangoni nilidhani kuna msiba.

Anasema mama yake alikuja Tangini Jumapili, ameleta mihogo na nazi. Hakuuliza niko wapi. Alikwisha kujua. Habari ya karamu ya maskini ilifika Masaki siku ya pili tu kwa lori la mkaa, na kule wamecheka mwezi mzima. Hata kwamba niko Mlandizi anajua, maana dada Mwanamvua hununua mihogo kwa watu wa Masaki. Sikudhani alimwomba mama yake asiniulize tena mambo ya Ulaya, kwamba yananiumiza. Bi Mwanajuma alishangaa. Sikudhani amenirudishia maneno yake kama alivyoyasema:

"Mkwe wangu nikimwuliza kuku ananyamaza, nikimwuliza watoto ananyamaza. Nikimtajia Ulaya ndiyo anachangamka. Mimi namwuliza ili azungumze. Ulaya ya nini kwangu? Mwambie Ijumaa aje Masaki tufuturu, nitampikia mwenyewe."

Dada Mwanamvua aliacha kumenya mihogo akanitazama. Miaka kumi na minne! Nikamwomba Sikudhani maji, akanikumbusha nimefunga.

Ndipo nikaelewa maana yake. Mama mkwe anapenda kunisikia nikizungumza Ulaya! Amesema mwenyewe! Basi itakuwa aibu gani niende Ijumaa sina la kusimulia? Sikudhani akashika kichwa. Akasema mama anajua sikwenda, Masaki nzima inajua sikwenda. Nikamwambia wanalojua ni la kusikia kwa watu wa mkaa, na watu wa mkaa wanajua nini kuhusu ndege? Daftari ninalo. Nitaanza na jua, kisha nyika, pembe nitaziweka mwisho wakati wa chai.

Tatizo limebaki moja tu, Abeid anarudi Ijumaa hiyo hiyo na picha, na mimi simo hata katika moja. Nimeshalimaliza. Nitasema mpiga picha nilikuwa mimi.